Vidonge Kumi na Vinne

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Amani ya Mwenyezi Mungu itangulie mbele ya barua hii, ikukute mlangoni kabla ya mtu wa posta. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri wazee wanavyoweza kuitwa wazima. Goti la mkaza mjomba wako limeamua kuishi maisha yake peke yake: mwenyewe akitaka kuinuka, lenyewe linataka kukaa. Anakusalimu, na ananihimiza nikuarifu kwamba masikio yangu sasa ni pambo tu. Ni kweli. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia simu. Mara ya mwisho tulipozungumza nilijibu maswali ambayo hukuyauliza, nawe kwa adabu yako ukaniacha niendelee.

Paa la madrasa limezibwa upande wa wasichana. Mwaka huu nina wanafunzi arobaini na mmoja, na sauti zao ndizo pekee ambazo bado nazisikia bila kuinamisha kichwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani tangu alasiri. Jirani yetu fundi cherehani, yule mjane mwenye duka la mlango wa buluu, ana binti wa miaka kumi na minne ambaye ni mwanafunzi wangu. Binti huyu ana maradhi ya kuanguka. Pamoja na hayo amekwisha kuhifadhi juzuu ishirini na sita kati ya thelathini za Kitabu, na mwishoni mwa Juni anatarajiwa kukisoma chote kwa moyo mbele ya hadhira. Tangu mwaka jana anameza vidonge kila jioni. Hajaanguka kwa miezi kumi. Lakini anasinzia, na aya alizokuwa akizishika kwa siku moja sasa zinamponyoka kwa wiki nzima.

Juzi mama yake alinijia na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mwalimu, mimi nilikuletea msichana. Vidonge vimenirudishia gunia la pamba. Ukimwegemeza ukutani, anabaki hapohapo ukutani!"

Nikamwambia avute subira.

"Subira ya mpaka lini? Si nimkatizie tu, asome, halafu aendelee? Siku ngapi, mimi sijui. Wewe ndiye mwenye elimu."

Elimu niliyopewa, mpwa wangu, haikufika huko. Wewe unakaa na mashine inayosoma vichwa vya watu. Nieleze kama unavyomweleza asiyejua: maradhi haya huzaliwa vipi ndani ya ubongo, na vidonge vikishamezwa huenda kufanya nini huko? Usiandike kwa haraka. Andika kwa usahihi.

Ni mimi, mjomba wako.

*

Tarehe 26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Namwombea mkaza mjomba na goti lake wapatane. Mimi ni mzima. Chumba changu cha kazi ni kilekile kisicho na dirisha: kiti kinacholazwa, kabati la mashine, na nyaya ishirini na moja ninazozibandika kichwani kwa mgonjwa kwa gundi nyeupe nzito kama uji uliopoa. Watoto hunichukia, na wana haki. Mwenzangu wa kazi, ambaye tunamwita Bwana Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, huwaambia kwamba mimi ni msusi niliyeshindwa kazi.

Sasa nakujibu. Ubongo una chembe hai zisizohesabika, na kila chembe ina umeme mdogo wake. Kuta za chembe zina vilango. Chumvi ikipita vilangoni, umeme huruka, na chembe humnong'oneza jirani yake. Chembe nyingine kazi yake ni kuwaambia wenzake "amka, sema," na nyingine kuwaambia "nyamaza." Mtu asiye mgonjwa ni yule ambaye makundi haya mawili yamo katika mizani.

Likumbuke darasa lako la asubuhi, nilipokuwa nikikaa mstari wa tatu. Kila mtoto anasoma mahali pake, huyu mwanzo, yule katikati, mwingine anakokota herufi. Mpita njia husikia makelele, wewe unasikia masomo. Mashine yangu nayo, kichwa kikiwa kizima, huchora mistari myembamba isiyofuatana. Sasa chukulia kwamba mtoto mmoja wa pembeni amekwama kwenye neno moja, analirudia bila pumzi. Jirani yake analidaka. Wa tatu analidaka. Mara darasa zima linapiga kelele neno lilelile, kwa sauti moja, na wasimamizi wa kunyamazisha wamezidiwa. Hapo mistari yangu husimama kama meno ya msumeno. Hicho ndicho kifafa. Kikibaki pembeni, mtu huduwaa, hutafuna pasipo na kitu mdomoni, hupapasa vifungo vya nguo yake. Kikienea ubongo mzima, huanguka.

Chanzo huwa ni kovu: uzazi uliokuwa mgumu, homa iliyopanda kichwani, pigo, uvimbe, kiharusi. Wengine hurithi katika damu ya ukoo. Na wengi tunawapima tusione chochote. Si jini, Mjomba, wala mate ya mgonjwa hayaambukizi mtu.

Dawa zake ni za namna nyingi, lakini mbili zitakutosha. Kuna zinazovizuia vile vilango vya chumvi visifunguke mfululizo, hivyo yule mtoto wa kwanza hapati pumzi ya kurudia neno lake. Na kuna zinazowaongezea nguvu wanaonyamazisha. Fenobabitoni, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, ni katika hizi za pili, na kwa maelezo yako ndicho anachomeza binti. Tatizo lake ni kwamba hakichagui wa kumnyamazisha. Humzuia anayepiga kelele, na humzuia pia anayejaribu kukumbuka aya. Dawa hizi haziyang'oi maradhi. Huyashika tu. Katika wagonjwa kumi, karibu saba hushikika vizuri, wakimeza kila siku bila kuruka.

Hapa nakuomba usome polepole. Ubongo uliozoea kusaidiwa kunyamaza hulegeza nguvu zake wenyewe za kunyamazisha. Ukiiondoa dawa ghafla, darasa halirudi lilivyokuwa kabla ya dawa. Linakuwa baya zaidi. Dawa hii huondolewa na daktari peke yake, kidogo kidogo, kwa miezi. Mwambie fundi amrudishe binti hospitali, waombe apunguziwe au abadilishiwe. Akianguka mbele yako, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu chochote mdomoni, na utazame saa. Zikipita dakika tano, usingoje.

Na swali langu, Mjomba. Marehemu mama alikuwa akimeza dawa gani kwa kifafa chake? Nilikuuliza nilipoanza kazi hii. Nilikuuliza tena mwaka juzi kwenye simu, ukanijibu habari za mvua.

Mpwa wako.

*

Tarehe 19 Aprili

Mpwa wangu,

Mwenyezi Mungu aihifadhi mikono yako na kazi yake. Barua yako ilifika katikati ya Machi. Ningeweza kuilaumu posta kwa ucheleweshaji wangu, lakini posta safari hii haina kosa. Nimeisoma mara nyingi kuliko macho yangu yanavyoniruhusu. Mfano wako wa darasa umeniingia hata nikisimama mbele ya watoto najikuta namsikiliza yule wa pembeni.

Mkaza mjomba wako amepata fimbo ya kutembelea. Anasema haihitaji kwa goti. Anaihitaji kwa ajili yangu, kunigusa ninapoitwa nisisikie.

Nilikwenda kwa fundi. Nilimkuta akikata kitambaa, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi wanangoja.

Nikasema, "Usimkatizie mtoto dawa. Mrudishe kwa daktari aibadilishe."

"Miadi ya daktari ni Agosti, Mwalimu. Kisomo ni Juni."

"Basi kisomo na kingoje."

Akaweka mkasi chini. "Mbona dada yako hakungojeshwa? Mji mzima unajua. Alikuwa na maradhi hayahaya, akasoma Kitabu chote bila kukwama hata mahali pamoja, na asubuhi yake Mungu akampokea. Kila mwaka Imamu anatusimulia, tunalia mpaka mitandio inalowa. Yule nani alimwambia angoje?"

Wale wateja walinigeukia. Nilisema kwamba mambo ya Mungu hayapimwi kwa futi ya fundi, nikatoka. Lilikuwa jibu zuri, na mmoja wao aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo silipendi.

Nina jambo moja dogo la kukuuliza. Mtu akiiacha dawa hiyo kwa siku saba tu, kisha akairudia kama kawaida, siku saba hizo zinaweza kuwa na madhara gani?

Kuhusu dawa ya mama yako, ni zamani mno, na karatasi za hospitali ile zililiwa na mchwa.

Mjomba wako.

*

Tarehe 8 Mei

Shikamoo Mjomba,

Leo sina habari za kukupa. Nakujibu tu.

Siku saba zinatosha. Dawa ile hutoka mwilini polepole. Siku za kwanza mtu hujiona mwepesi, kichwa kimetakata, ulimi umefunguka, na walio karibu naye husema amepona. Hatari yake iko hapo. Kisha siku ya tano, ya sita, ya nane, darasa zima huamka kwa pamoja na hakuna msimamizi. Huanguka, na kabla hajazinduka huanguka tena. Asipowahiwa kwa sindano, hufa. Nimewaona.

Fundi hakutaja siku saba. Katika barua yako ya Februari alisema hajui ni siku ngapi. Saba ni yako. Kwa nini saba, Mjomba?

Nenda ukamweleze fundi maneno haya kama yalivyo, wala usimfumbie kwa semi.

Mpwa wako.

*

Tarehe 14 Julai

Mpwa wangu,

Sina maneno ya kutanguliza isipokuwa kumwomba Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kuipokea barua hii.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe ishirini na mbili. Kutoka mlangoni kwangu hadi duka la fundi ni hatua mia moja na themanini. Sikuzitembea. Nilijiambia kwamba nilikwisha kumkataza, na mwenye kukataza ametimiza wajibu wake. Kilichonizuia hasa ni hiki: ningemweleza yote, angeniuliza ya dada yangu yalikuwaje.

Mwanzoni mwa Juni binti alianza kusoma kama maji ya bomba. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakusinzia wala hakukwama. Nilifurahi. Naliandika neno hilo ulione kama lilivyo. Nilifurahi, wala sikuuliza.

Siku ya tano, Alhamisi, saa nne asubuhi, alinyamaza katikati ya aya, kichwa kikageukia bega, akaanguka. Nilimlaza kwa ubavu. Mwalimu mwenzangu alikuja mbio na kijiko, nikamshika mkono. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika ya tatu akatulia, watoto wakashusha pumzi. Dakika ya nne akaanza tena. Muuza magodoro wa jirani alitupatia gari lake. Sindano iliyomtuliza ilimfikia dakika ya ishirini na sita.

Yu hai. Siku sita hakumtambua mama yake. Sasa anamtambua, anatembea, anakula. Lakini Kitabu kimemtoka. Anauanza mwanzo wa aya na mwisho wake hauji. Anakaa akiungoja, mtulivu, kama mtu aliyekaa kituoni.

Siku ile, kwenye ukumbi wa hospitali, fundi aliniambia, "Nilimkatizia Jumamosi. Nilisema, kama dada yako aliweza, na wangu ataweza."

Nikamwambia, "Dada yangu hakuitwa na Mungu. Mimi ndiye niliyemkatizia dawa."

Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasema, "Ungeniambia Aprili." Akarudi ndani kwa mtoto wake. Tangu hapo hajanisemesha.

Sasa wewe. Umbu langu, mama yako, alikuwa na miaka ishirini na sita, nami thelathini na minne, nimerudi kutoka masomoni na kilemba kipya na kiburi kipya. Nilitaka watu waone kwamba ninaweza kumhifadhisha mwanamke Kitabu kizima. Alikuwa na akili kunishinda mimi. Lakini alimeza vidonge viwili kila jioni, na asubuhi ulimi wake ulikuwa mzito. Alinitania, "Kaka, nikikwama mbele ya watu utanifanya nini?" Nikamwambia, "Nitakukana." Tulicheka sote wawili.

Jioni sita kabla ya kisomo nilimwambia aviache vidonge, mpaka amalize. Hakubisha. Mimi nilikuwa kaka yake na mwalimu wake, na alikuwa ameniamini katika mambo makubwa kuliko hayo. Siku ya kisomo alisoma tangu asubuhi hadi alasiri, bila kosa hata la irabu moja. Wazee walilia. Mimi nilikuwa nikiwatazama wazee.

Jioni ile alinijia mlangoni na pakiti ya vidonge mkononi. Wageni walikuwa sebuleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nianze leo?"

Nikamjibu, "Kesho akina mama wanataka uwasomee tena. Anza kesho."

Akaitia pakiti mfukoni mwa gauni lake, akaenda kuwatengea wageni chakula. Hiyo ikawa jioni ya saba.

Asubuhi, baada ya sala, alianguka jikoni. Akaanguka tena, na tena. Wewe ulikuwa na miaka mitano, umo chumba cha pili unavalishwa viatu. Haikufika adhuhuri, akakata roho. Watu walijaa uani, na mmoja akasema, "Amekihitimu Kitabu, ameitwa." Wote wakalidaka neno hilo. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikasema, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea." Ni neno la kweli, nami nikalitumia kuufunika uongo.

Miaka thelathini na mmoja wazazi wameniletea binti zao kwa ajili ya kisa hicho. Miaka thelathini na mmoja nilijiambia kwamba sikujua. Ni kweli, sikujua namna dawa inavyofanya kazi, mpaka uliponieleza. Lakini palikuwa na daktari aliyeitoa dawa hiyo, na hospitali ilikuwa karibu kuliko msikiti. Sikuuliza, kwa sababu nilichelea jibu.

Mkaza mjomba wako hakuwa akijua. Sasa anajua. Ananitengea chakula mezani, kisha anakwenda kula jikoni.

Sikuombi kitu.

Mjomba wako.

*

Tarehe 20 Septemba

Mpwa wangu,

Mwenyezi Mungu akulinde popote ulipo na katika hali yoyote uliyo nayo. Sijapata barua yako, wala silalamiki. Naandika kukuarifu mambo mawili, kisha nitanyamaza.

La kwanza, Ijumaa ya mwanzo wa mwezi, baada ya sala, nilimwomba Imamu nafasi nikasimama mbele ya watu. Niliwaeleza kisa cha mama yako jinsi kilivyokuwa. Niliwaeleza pia habari za darasa linalosoma kwa sauti moja, na kwamba dawa ni msimamizi, na msimamizi hafukuzwi siku ya mtihani. Mzee mmoja, rafiki yangu wa ujanani, alinishika kanzu nje. "Mwalimu, umetunyang'anya mtu wetu. Hilo ungekufa nalo." Mwingine aliniambia kwamba ana mke anayeanguka, amemficha ndani miaka tisa, na akaniuliza hospitali hufunguliwa saa ngapi. Wanafunzi wangu sasa ni ishirini na watatu.

La pili, binti wa fundi amebadilishiwa dawa, polepole, kama ulivyosema. Hasinzii. Amerudi kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwalimu mwingine. Mama yake hakutaka awe kwangu, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Ukipenda, tia karatasi tupu ndani ya bahasha na uitume. Nitajua kwamba barua zinafika.

Mjomba wako.

*

Tarehe 17 Novemba

Mjomba,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya Julai nimekaa nayo karibu miezi minne. Nilikuwa nikiitia mkobani asubuhi na kurudi nayo jioni, kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea. Bwana Kimya aliniuliza nina nini, nikamwambia nina msiba. Akauliza ni wa lini, nikashindwa kumjibu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akanyamaza kutwa nzima.

Nami nina la kukueleza, na nimelificha muda mrefu.

Nilipokuwa na miaka ishirini, nikiondoka kwenda masomoni, mkaza mjomba alinipa sanduku la nguo za mama. Nililifungua bwenini. Kwenye mfuko wa gauni la kijani nilikuta pakiti ya karatasi. Juu yake pameandikwa jina la dawa, tarehe iliyotolewa, idadi ya vidonge sitini, na maagizo: viwili kila jioni. Kwa hiyo ulipokuwa ukiniambia habari za mvua na za mchwa, mimi dawa niliijua. Jina lake lilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nikikuuliza nisikie utasema nini.

Tarehe ya kufa kwake niliijua pia. Ni siku ishirini tangu vidonge vitolewe. Vilipaswa kubaki ishirini. Nilivimwaga juu ya shuka nikavihesabu mara tatu. Vilikuwa thelathini na vinne. Kumi na vinne zaidi, jioni saba. Ulipoandika "siku saba" mwezi wa Aprili, ilinibidi nitoke chumbani nikasimame kwenye korido, na mgonjwa wangu akabaki na nyaya kichwani.

Niliwaza kama mtu wa miaka ishirini anavyowaza. Hapakuwa na aliyeniambia kwamba mtu mwingine alimkataza. Nilijua tu kwamba alikuwa na dawa mfukoni na hakuimeza. Nikasema, alichoka. Alichoka na maradhi, akachoka na mimi, akaacha mwenyewe. Ndipo nikachagua kazi hii. Kila mgonjwa aliyekatiza dawa kwa hiari yake nimemfokea, mpaka nikaitwa ofisini mara mbili nikaonywa. Ndiyo sababu pia sijarudi huko miaka kumi na mmoja. Mlikuwa mkimsifu mtu ambaye mimi nilikuwa nimemkasirikia, na sikuweza kusimama katikati yenu.

"Kaka, nianze leo?" Maneno hayo matatu nayasoma kila siku, Mjomba. Alitaka kuanza. Alikuja na pakiti mkononi.

Sasa wewe. Nilijaribu kuliandika neno la msamaha, nikaona ni mwandiko tu. Pengine litakuja, pengine halitakuja. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Mwambie mkaza mjomba arudi kula mezani, lakini kwa kupenda kwake. Na binti wa fundi, kama mama yake ataridhia, apewe salamu zangu. Nimewaona waliorudishiwa mengi baada ya mwaka, na waliorudishiwa machache. Siwezi kumwahidi lipi litakuwa lake. Dawa asiikose hata jioni moja.

Lipo la mwisho, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kwa miaka kumi na sita, kila baada ya sala, nimekuwa nikimwomba Mwenyezi Mungu amsamehe mama kwa kuitoa roho yake mwenyewe na kuniacha. Watoto wengine huwaombea wazazi wao rehema na pumziko. Mimi niliona sina ruhusa ya kufika huko, maana lile ombi la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa. Ijumaa iliyopita niliinua mikono, na maneno ya siku zote yakaja yenyewe ulimini. Nikayakatiza. Mahali pake nikamwombea pumziko jema, basi, kama wanavyoombewa mama wa watu wote.

Mpwa wako.